Ahadi za Kodi na Utawala katika Siasa za Nakuru

Kodi imekuwa mada ya kila msimu wa uchaguzi katika Nakuru na eneo la kati la Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Njoro, Molo na Rongai, lakini ni nadra kuelezwa kwa ukamilifu na wale wanaoomba kura. Mgombea huahidi kupunguza ushuru, kukomesha usumbufu wa kanjo, yaani askari wa baraza wanaowafukuza wachuuzi barabarani, na kuisogeza serikali karibu na wananchi. Hasemi ni ushuru upi utakaopunguzwa, ni sheria gani itakayobadilishwa, wala pengo litakaloachwa kwenye bajeti litazibwa na nini. Hali hii mara nyingi huelezwa kuwa ni hila ya wanasiasa, na hila kweli haikosi, ila maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu katika eneo hilihili waliwahi kuwapo wapiga kura waliodai jambo mahususi kuhusu kodi na wakalipata. Kilichowatenga na waliokuja baadaye ni mpangilio wa mamlaka: kwao, aliyelipa kodi, aliyepiga kura na aliyemwajibisha mwakilishi alikuwa mtu mmoja, hali ambayo wakazi wengi wa Nakuru hawakuionja kwa zaidi ya nusu karne, na ambayo ilipowafikia haikuchukua muda kabla ya kupunguzwa nguvu.

Kodi iliingia Bonde la Ufa kabla ya kura. Kanuni za mwaka 1901 za Himaya ya Afrika Mashariki zilianzisha kodi ya kibanda, iliyotozwa kwa kila nyumba iliyokaliwa na Waafrika, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wazima ambao hawakuwa na nyumba ya kulipia. Nyongeza hiyo ilikuwa na sababu yake: watu walikuwa wameanza kubanana katika nyumba chache ili kupunguza idadi ya vibanda vinavyohesabiwa, na maofisa walipoona makusanyo hayakui wakaamua kumfuata mtu mwenyewe. Malipo yalitakiwa kuwa ya fedha, na kwa kuwa fedha ilipatikana hasa kwa kuwafanyia kazi wageni, kodi ikawa pia njia ya kuwapeleka vibarua mashambani. Wakati huohuo nyanda za Naivasha na Nakuru zilikuwa zikiondolewa mikononi mwa Wamaasai kwa mkataba wa mwaka 1904, uliowahakikishia kwamba maeneo waliyohamishiwa yangebaki yao muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawaondoa tena, safari hii kutoka Laikipia. Ahadi hiyo ya mapema ya serikali kwa wakazi wa eneo hili haikuwa na utata wowote wa maneno. Iliandikwa waziwazi, na ikavunjwa baada ya miaka saba kwa kuwa walioahidiwa hawakuwa na chombo cha kumdai aliyeahidi.

Chombo hicho walikipata walowezi wa Kizungu. Sheria ya mwaka 1919 iliwapa haki ya kuchagua wajumbe 11 wa Baraza la Kutunga Sheria, na katika uchaguzi wa mwaka 1920 Lord Delamere, aliyekuwa na mashamba Njoro na Soysambu, aliingia barazani kuwakilisha Bonde la Ufa. Maofisa wa serikali waliendelea kuwa wengi barazani, kwa hiyo kwa hesabu ya kura tupu walowezi wasingeweza kupitisha wala kuzuia lolote. Nguvu yao ilikuwa katika umoja wao, vyama vyao vya wakulima na hofu ya serikali ya kutawala koloni bila wao. Serikali ilipopitisha sheria ya kodi ya mapato, yaani kodi inayokatwa katika kipato cha mtu kulingana na ukubwa wake, walowezi hawakuzungumza kwa mafumbo: walitaka ifutwe. Ilitozwa kuanzia mwaka 1921 na mwaka 1922 ikafutwa. Pengo lilizibwa kwa kupandisha ushuru wa forodha, kufuatia mapendekezo ya Kamati ya Bowring, na ushuru wenyewe ulipangwa kwa namna iliyowakinga wakulima wa ngano na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa dhidi ya bidhaa za nje, na wakulima hao walikuwa wengi Njoro, Molo na Naivasha kuliko kwingine. Mlowezi aliondolewa kodi aliyoikataa, mazao yake yakapata soko lililolindwa, na mnunuzi wa kawaida akalipa tofauti dukani bila kuulizwa.

Katika mwaka uleule wa 1921 kodi ya Mwafrika ilipandishwa hadi shilingi 16, wakati waajiri walipokuwa wakikata mishahara ya vibarua kwa theluthi moja. Waafrika hawakuwa na mjumbe wa kuchaguliwa wala kamati ya kupokea hoja zao. Malalamiko yao yalibebwa na Harry Thuku na wenzake, na ni baada tu ya kukamatwa kwa Thuku mwezi Machi 1922 na kupigwa risasi kwa waandamanaji mjini Nairobi ndipo kodi iliposhushwa hadi shilingi 12. Miaka miwili hiyo inatosha kuonyesha msingi wa historia yote iliyofuata: mlowezi alifutiwa kodi nzima kwa vikao, na Mwafrika akapunguziwa shilingi 4 kwa damu. Lord Moyne, aliyetumwa kuchunguza fedha za koloni, alibainisha katika ripoti yake ya mwaka 1932 kwamba Waafrika walibeba mzigo usiolingana na huduma walizopata, akapendekeza kodi ya mapato irejeshwe. Gavana Joseph Byrne alipojaribu kuirejesha walowezi walimpinga kwa miaka kadhaa, na haikurudi hadi mwaka 1937.

Utawala wa mitaa ulijengwa juu ya mgawanyiko huohuo. Tume ya Feetham ilitoa ripoti mwaka 1927, na sheria za mwaka 1928 zikaweka mabaraza ya miji na mabaraza ya wilaya katika maeneo ya walowezi. Mabaraza ya wilaya ya Nakuru na Naivasha yaliongozwa na wakulima wa Kizungu waliowachagua wenzao, na yaliendelea kutegemea sana ruzuku ya serikali kuu kwa ajili ya barabara, kwa kuwa mwenye shamba hakuwa na haraka ya kujitoza mwenyewe. Katika maeneo ya akiba, Waafrika walikuwa na Mabaraza ya Wenyeji tangu katikati ya miaka ya 1920, mabaraza ambayo kwa udhaifu wake wote yaliruhusiwa kutoza ada ndogo za kujengea shule na zahanati. Katika Nyanda za Juu za Wazungu, yaani maeneo ya walowezi, hata hilo halikuwapo. Skwota, yaani mfanyakazi aliyeruhusiwa kulima kipande cha shamba la mlowezi na kufuga mifugo yake humo kwa sharti la kumfanyia kazi, alilipa kodi kila mwaka kwa serikali isiyomruhusu kuchagua hata mjumbe wa kijiji.

Maisha ya skwota yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiye babu wa wapiga kura wengi wa leo. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanye kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa. Kipande chake, hati iliyoandikwa jina, alama za vidole na kumbukumbu za kila mwajiri, alikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati, na risiti ya kodi aliitunza pamoja nacho, kwa kuwa askari angeweza kumsimamisha popote na kuidai. Mifugo yake ilipoonekana kuwa mingi, ilifagiwa kutoka mashambani katika operesheni za miaka ya 1920 ambazo maskwota wenyewe waliziita kifagio. Sheria ya mwaka 1937 ilikwenda mbali zaidi, kwa kuyapa mabaraza ya wilaya ya walowezi mamlaka ya kuweka kikomo cha mifugo na ekari za skwota na kuongeza siku zake za kazi. Hapo ndipo serikali ya mitaa ilipokuwa na nguvu za kweli katika Bonde la Ufa, nguvu za kuamua kama familia itabaki na ng'ombe wake au la, na mtu aliyeamuliwa hakuwa na kura. Uchungu huo ulizaa upinzani wa wakazi wa Olenguruone katika miaka ya 1940, na baadaye ukawapeleka maskwota wengi katika vuguvugu la Mau Mau.

Kura ilipokuja ilikuja kwa sehemu. Uchaguzi wa Machi 1957, ambapo Waafrika walichagua wajumbe wanane kwa mara ya kwanza, uliwahusu tu waliotimiza masharti ya elimu, mali au utumishi, na Daniel arap Moi akachaguliwa kwa Bonde la Ufa. Miaka sita baadaye, katika uchaguzi wa Mei 1963, kila mtu mzima aliyejiandikisha alipiga kura, na ahadi zilizomwagwa Nakuru zilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kusikika. Chama cha KANU kiliahidi elimu ya bure ya miaka saba. Chama cha KADU kiliahidi majimbo, mfumo wa kuigawa nchi katika maeneo yenye mabaraza yake ya kutunga sheria. Katiba ya mwaka 1963 ilikuwa na vifungu virefu kuhusu mapato ya majimbo hayo, lakini mvuto wa majimbo kwa mpiga kura ulikuwa hasa katika ulinzi wa ardhi dhidi ya jamii kubwa, na swali la nani atamlipa mwalimu na kwa kodi ipi lilibaki nyuma. Baraza la Jimbo la Bonde la Ufa lilikaa Nakuru chini ya urais wa Moi, serikali kuu ikachelewesha kulikabidhi madaraka na fedha, KADU ikajivunja Novemba 1964, na jamhuri iliyotangazwa Desemba mwaka huo ikaanza kuyafuta majimbo moja kwa moja.

Ahadi iliyotamkwa kwa uwazi mkubwa zaidi mwaka 1963 ilielekezwa tena kwa walowezi. Tarehe 12 Agosti 1963 Jomo Kenyatta, wakati huo Waziri Mkuu, aliwahutubia mjini Nakuru, akawahakikishia kwamba wangeweza kubaki na kulima, na kwamba pande zote zisameheane yaliyopita. Maskwota na waliotoka vizuizini baada ya Mau Mau hawakupewa mkutano wa namna hiyo. Wengi walitarajia kwamba uhuru ungerudisha ardhi bila malipo, kumbe mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, uliuza ardhi kwa mkopo uliopaswa kurejeshwa kwa awamu. Ni vigumu kuamini kwamba waliohutubia mikutano ya kampeni hawakulijua hilo. Walinyamaza, na ukimya huo uliwagharimu wanunuzi miaka mingi ya madeni.

Serikali za mitaa za uhuru zilianza zikiwa na mapato ya kweli. Chini ya Kanuni za Serikali za Mitaa, mabaraza ya kaunti na Manispaa ya Nakuru yalipata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na kodi ya mtu binafsi iliyopangwa kwa viwango kulingana na kipato, na kwa fedha hizo yalisimamia shule za msingi, zahanati na barabara. Kodi hiyo haikupendwa, na mwanaume asiye na risiti aliweza kukamatwa kama zama za kipande, lakini angalau diwani, yaani mjumbe wa kuchaguliwa wa baraza, alisimamia fedha na huduma kwa pamoja. Muungano huo ulivunjwa kwa hatua mbili. Katika uchaguzi wa mabaraza wa mwaka 1968 wagombea wa chama cha upinzani cha KPU walikataliwa karatasi zao za uteuzi kote nchini, hivyo mpiga kura akanyimwa mtu wa kumlinganisha na mgombea wa chama tawala. Kisha sheria ya mwaka 1969 ikahamishia shule, afya na barabara za mabaraza ya kaunti kwa serikali kuu, pamoja na kodi iliyozigharamia, kuanzia mwaka 1970. Manispaa kubwa, Nakuru ikiwamo, zikabakishiwa huduma hizo, na kodi yenyewe ikafutwa kabisa mapema katika miaka ya 1970.

Matokeo yake katika siasa ya vijijini hayajapewa uzito yanaostahili. Diwani wa Molo au Subukia baada ya mwaka 1970 alibaki na ushuru wa soko, leseni za biashara na ushuru wa mazao, ambao wakulima wa viazi, shayiri na pareto wameuzoea kwa jina la sesi, lakini wananchi waliendelea kumwomba shule na zahanati kana kwamba hakuna kilichobadilika. Akiwajibu ukweli, kwamba baraza halina tena mamlaka hayo, angeonekana mtu asiye na faida. Akiahidi, angeahidi jambo lisilo mikononi mwake. Utata wa ahadi ukawa njia pekee ya kuendelea kuomba kura. Nafasi ya sera ikachukuliwa na harambee, michango ya umma ya kujenga shule na zahanati, ambapo mwanasiasa alipimwa kwa noti alizoweka mezani. Harambee ilijenga madarasa mengi ambayo serikali isingeyajenga, na hilo halipaswi kudharauliwa. Hata hivyo, machifu walipoanza kuwakadiria watu viwango vya mchango na kuwanyima huduma wasiotoa, ilikuwa imegeuka kodi isiyo na sheria wala mkaguzi. Sambamba nayo yalikua makampuni ya kununua ardhi kama Ngwataniro, lililoongozwa na Kihika Kimani, mbunge wa Nakuru Kaskazini katika miaka ya 1970, ambayo hisa zake ziliwapa maelfu ya watu mashamba na kuwapa viongozi wake msingi wa kisiasa ambao hakuna baraza la kaunti lililoweza kuufikia.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliyapa mabaraza tozo ya huduma, iliyokatwa kwa wafanyakazi na wafanyabiashara, ikaiondoa miaka kumi hivi baadaye na badala yake kuyagawia asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa kupitia hazina maalumu iliyoanza kazi mwaka 1999. Kwa mwananchi wa kawaida mabadiliko hayo yalipita bila mjadala wa uchaguzi, kwa sababu katika miaka ya 1990 kampeni za Bonde la Ufa zilimezwa na swali zito zaidi, la nani ana haki ya kuishi wapi. Molo na Njoro ziliona watu wakiuawa na nyumba zikichomwa katika ghasia zilizoandamana na chaguzi za 1992 na 1997. Mwaka 2007 majimbo yalirudi jukwaani. Wengine walisikia mgawanyo wa haki wa mapato ya taifa, wengine wakasikia tishio la kufukuzwa mashambani mwao, na waliolinadi neno hilo hawakufanya bidii ya kutosha kuwaondolea hofu. Nakuru na Naivasha ziliingia katika mauaji Januari 2008. Sababu za ghasia hizo zilikuwa nyingi, kuanzia dhuluma za ardhi hadi matokeo ya urais yaliyobishaniwa, lakini ahadi ya utawala iliyoachwa bila maelezo ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowashwa moto.

Katiba ya mwaka 2010 ililiandika upya suala hili kwa namna ambayo majimbo ya 1963 hayakuipata. Kifungu cha 209 kinairuhusu kaunti kutoza kodi ya mali isiyohamishika, kodi ya burudani na nyingine itakayoidhinishwa na Bunge, pamoja na ada za huduma. Kifungu cha 210 kinakataza kodi au ada ya leseni kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa bila sheria. Na kifungu cha 203 kinazihakikishia kaunti zote kwa pamoja mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kutokana na vifungu hivyo kila kaunti hutunga Sheria ya Fedha, na anayetaka kujua serikali ya mtaa ni nini hana maandishi bora ya kusoma kuliko jedwali la sheria hiyo, ambamo kioski, duka la jumla, bucha, gari la abiria, gunia la viazi linalovuka kizuizi, ng'ombe anayepelekwa kichinjioni na nafasi ya kaburi kila kimoja kina mstari wake na kiwango chake. Korti imeonyesha kwamba utaratibu wake si mapambo: mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Sasa, basi, mkazi wa Nakuru asiye mlowezi analipa ada kwa baraza analolichagua, chini ya sheria inayotaja kila ada. Hali hiyo ya kisheria ingetarajiwa kuzaa ahadi mahususi, na bado haijazizaa kwa kiwango kinachoridhisha. Sehemu ya sababu ni kwamba kaunti inategemea zaidi mgao kutoka Nairobi kuliko makusanyo yake, kwa hiyo mgombea anaweza kuahidi miradi bila kugusa kodi, kisha akailaumu Hazina ya Taifa fedha zinapochelewa. Sehemu nyingine ni mchanganyiko wa ngazi: mwananchi anayelia kuhusu bei ya mafuta analilia kodi ambayo gavana hana uwezo nayo, na mgombea asiyemweleza hivyo anajipatia kura za hasira ya mtu mwingine. Mwezi Juni 2024, vijana wa Nakuru walipokuwa miongoni mwa walioandamana kote nchini hadi Mswada wa Fedha wa taifa ukaondolewa, walikuwa wameusoma na kuujadili kifungu kwa kifungu. Miswada ya fedha ya kaunti haijawahi kupata wasomaji wa namna hiyo. Na hata ada za kaunti zenyewe hazifanani. Ada za hospitali ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mapato ya Nakuru, hivyo anayetangaza kwamba atapunguza ada zote anatangaza pia, akijua au asijue, kwamba atatafuta kwingine fedha za dawa.

Wapiga kura wa Nakuru hawajawa wapole kwa walioongoza kaunti yao. Kinuthia Mbugua, gavana wa kwanza, aliondolewa baada ya muhula mmoja mwaka 2017. Lee Kinyanjui aliyemrithi akashindwa mwaka 2022 na Susan Kihika, bintiye Kihika Kimani. Hata hivyo adhabu ya kura haimwambii anayeingia ni ada ipi iliyowaudhi watu, wala haimfungi kwa kiwango chochote. Kalenda ya fedha inaweza kufanya hivyo. Bajeti ya kaunti hupitishwa ifikapo mwisho wa Juni, uchaguzi hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, na sheria ya mwaka 2012 ya usimamizi wa fedha za umma inalitaka baraza la kaunti lipitishe Mswada wa Fedha ndani ya siku 90 baada ya kuidhinisha matumizi. Mgombea anayeahidi mwezi Julai kupunguza leseni ya kinyozi au sesi ya viazi anazungumzia, kwa hiyo, bajeti ambayo tayari imechapishwa na makadirio ya mapato yake, na ambayo mfanyabiashara wa Gilgil ana haki ya kikatiba ya kuiomba na kuisoma kabla ya kupiga kura. Wiki chache baada ya viapo, mwakilishi wa wadi aliyemwomba kura hukaa barazani akiwa na jedwali hilohilo mbele yake, na kura anayoipiga juu ya kila kiwango huingia katika kumbukumbu rasmi za baraza.